Kamba Niliyoisikiliza kwa Unyayo

Juzi hapa Geita mjini kijana wa bodaboda alinionyesha saa yake mpya. Akasema, "Mzee, hii saa inaujua mwili wangu kuliko mimi mwenyewe. Inajua nimelalaje, moyo unakwendaje, hata kama nimechoka." Nikamwuliza, "Na leo umechoka?" Akaiangalia saa kwanza, ndipo akanijibu kwamba hajachoka. Nilimshukuru nikaenda zangu kwa miguu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea kutengeneza vitu vya kuvaa mwilini: saa, mikanda, vitu vinavyotetemeka na kukuambia geuka kulia, simama, kunywa maji. Kazi nzuri. Mimi nimeifanya kabla yenu, ila sikujua kama ni kazi ya kusomea. Nilikuwa mtu wa winchi kwenye machimbo ya Rwamgasa, na chombo changu cha kupimia kilikuwa ngozi. Nitawaambia pia jambo nililolificha miaka mitatu, maana bila hilo hii habari ni majivuno matupu ya mzee.

Winchi yetu haikuwa ya umeme. Ni gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, mpini huku na mpini kule, kamba imezungushwa katikati. Chini yake kuna duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, refu kiasi kwamba ukidondosha jiwe unapata nafasi ya kupiga chafya kabla halijafika. Watu wawili wanazungusha, lakini anayeisikiliza kamba ni mmoja tu. Jirani kuna makarasha yanasaga mawe kutwa nzima, sauti ya mtu wa chini haifiki juu hata akiita majina ya mababu zake wote. Kwa hiyo anasema kwa kamba. Akivuta mara moja, simama. Mara mbili, vuta. Mara tatu, teremsha. Akitikisa ovyo bila hesabu, hapo unasimama, unamwomba Mungu, unaita watu.

Aliyenifundisha ni Mzee Lubinza, Msumbwa wa Ushirombo, mtu wa misa kila Jumapili na matusi siku sita zilizobaki. Hakunipeleka shimoni. Alinipeleka nyumbani kwake, akanifunga kitambaa machoni, akanipa ncha ya kamba. Ncha ya pili aliifunga kwenye pembe za ng'ombe nyuma ya nyumba.

"Anafanya nini?" akaniuliza.

"Anakula."

"Anakula nini?"

"Majani, mzee."

"Anakula mahindi yangu, mjinga wewe. Jani analikata, hindi analing'oa. Vuta huyo ng'ombe."

Nilikaa na yule ng'ombe wiki tatu. Mwisho nilikuwa namjua akitaka kulala kabla hajapiga magoti, namjua akikojoa, namjua akiona ng'ombe wa jirani. Siku moja nilisema amelala kumbe amesimama, nikajitetea kwamba nilidhani. Mzee Lubinza akanivua kitambaa akaniangalia vizuri. Akasema, "Kamba haitaki dhana zako. Kama hukusikia, sema hukusikia. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko jeneza." Nililishika neno hilo, nikalitumia kuwafundishia wengine, na nilipohitaji kulitumia mwenyewe nikaliweka pembeni.

Maana katikati hapo niliiacha winchi nikaenda kushika mashine ya kuchoronga mwamba. Ujana. Mtu wa mashine alikuwa anaogopwa, anatembea kifua mbele, na mimi nilitaka kifua changu nacho kitangulie. Mashine ile inakutetemesha asubuhi hadi jioni mpaka ukishika kikombe cha chai, chai inacheza. Niliishika miaka mingi. Niliporudi kwenye winchi nilikuwa na jina kubwa, na vidole vilivyoanza kuwa vyeupe asubuhi kama vya mtu aliyeshika unga.

Siku niliyoujua ukweli nilikuwa jikoni kwangu. Niliiepua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu, nikaiweka chini taratibu.

Mke wangu akasema, "Baba Kulwa, hiyo sufuria ilikuwa inachemka."

"Najua," nikasema.

Sikujua. Mama Kulwa aliigeuza mikono yangu, akaiona imebabuka, akanipaka mafuta. Halafu akauliza swali moja tu: "Na kamba?"

Swali lenyewe lilikuwa zito, maana aliyekuwa anashuka kwenye lile duara alikuwa Ndalahwa, mdogo wake wa tumbo moja. Shemeji yangu. Kila asubuhi Ndalahwa anakalia kigongo kilichofungwa mwisho wa kamba, ananisalimia mwangaluka, ananiachia maisha yake mkononi, anashuka akiimba vibaya. Nikamwambia mke wangu kwamba kamba ninaisikia. Ningesema nini? Mtu wa winchi asiyeisikia kamba ni mzee wa kuchunga bata. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyomwogopa Mungu, na leo nalisema hivyo hivyo bila kulipamba.

Ila sikuwa nimesema uongo wote. Nilikuwa nimegundua kwamba nikivua ndala nikaukanyaga mti wa chini unaozishika zile nguzo mbili, kila Ndalahwa anapovuta, mti unanijibu kwenye unyayo. Unyayo wangu haukuwahi kushika mashine. Ulikuwa mzima. Basi nikawa naweka mkono kwenye kamba kwa ajili ya watu, na mguu kwenye mti kwa ajili ya Ndalahwa. Miaka mitatu nilifanya kazi hivyo na hakupata hata mchubuko. Watu walisifu mkono wangu, nami nikazipokea sifa kwa niaba ya mguu.

Ndipo mradi ukaja.

Walikuja na gari mbili nyeupe, vijana wa chuo, na bosi wao aliyevaa kitambulisho shingoni, akienda chooni nacho. Mradi ulikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hata wao walilifupisha kwa herufi. Walisema teknolojia nyingi zinatengenezwa kwa ajili ya macho na kichwa, wao wanaanzia mwilini, kwenye hisia za mchimbaji mwenyewe. Nikafurahi kweli. Nilisema leo wamekuja watu wa Mzee Lubinza.

Walitukusanya kwenye ukumbi wa kata, wakatandika mikeka. Wakasema tulale chali, tufumbe macho, tuusikilize mwili kuanzia kidole gumba cha mguu tukipanda polepole. Binti mmoja, Rehema, mpole, sauti ya kubembeleza, akawa anatuongoza: "Sasa sikia kisigino chako. Kisigino kinasemaje?" Wachimbaji kumi na wawili waliotoka kazini alfajiri, umewalaza kwenye mkeka, umefunga madirisha, unawaambia wafumbe macho. Alipofika magotini watu wote walikuwa wanakoroma. Bosi akawapiga picha, na baadaye niliambiwa kwamba kwenye ripoti iliandikwa washiriki walifikia utulivu wa kina.

Tuliobaki macho ni mimi na Masanja, mwenzangu wa mpini wa pili. Masanja alifumbua jicho moja akamwona mwakilishi wa wanawake wanaoosha mchanga anaingia na kutandikiwa mkeka wake. Ni mama mkwe wake. Sasa ninyi mliokulia mjini mtacheka, lakini kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hata njia moja wanapishana kwa mbali, mmoja anaingia porini. Leo mradi unataka walale chali chumba kimoja wakisikiliza visigino. Masanja aliviringika na mkeka wake mpaka ukutani, akapanda dirishani, akaenda. Mama naye akageukia mlangoni akajifunika khanga. Rehema akaniuliza, "Mzee, tumewaudhi?" Nikamweleza. Akaandika. Yule binti alikuwa na sifa hiyo moja kubwa, akiambiwa anaandika na anaona haya.

Baadaye tukapewa karatasi zenye mchoro wa mtu, na kalamu za rangi, tupake mahali tunapohisi kazi. Watu wengi walipaka tumbo, maana chakula kilikuwa kimechelewa. Ndalahwa yeye alipaka nyekundu viganja vya huyo mtu, akamchorea na kamba. Akaniambia, "Shemeji, huyu ni wewe." Nikaikunja karatasi nikaiweka mfukoni.

Chombo chenyewe kilikuwa mkanda wa mkononi. Aliye chini anabonyeza kitufe, mkanda wa aliye juu unatetemeka: mara moja, mbili, tatu, hesabu ile ile ya kamba. Wazo si baya. Wakasema waujaribu kwa mtu mwenye hisia kali kuliko wote, na kijiji kizima kikanielekeza kidole.

Nikaketi kitini, mkanda mkononi, Rehema mbele yangu ameshika kitufe chini ya meza. Akabonyeza. Sikusikia kitu. Ganzi ilikuwa imeshapita kifundo cha mkono. Lakini nilimwona yule binti kila akibonyeza anapepesa jicho, akibonyeza mara mbili anapepesa mara mbili. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, Ndalahwa mbele yao anatabasamu kama yeye ndiye aliyenizaa.

"Umesikia, mzee?"

"Mara mbili," nikasema.

"Na sasa?"

"Tatu."

Sikukosea hata moja. Bosi akapiga makofi. Mkanda ukapitishwa siku ile ile, kwa ushahidi wa mkono mfu na macho ya binti mkweli. Kwa hiyo somo la kwanza kwenu wataalamu: ukimpima mtu, mgeuzie mgongo. Na wewe unayepimwa, usifanye kama mimi.

Wangeishia hapo ningeponea. Lakini bosi akasema usalama ni kifurushi, kwa hiyo pamoja na mkanda tukagawiwa kofia ngumu, glavu na mabuti yenye chuma mbele. Mabuti mazuri. Nilikuwa sijawahi kumiliki mabuti mapya maishani mwangu. Nikayafunga kamba hadi juu nikasimama kwenye winchi napigwa picha. Na kwa kuwa mkanda upo, wakasema ishara za kamba tuziache, zinachanganya mfumo. Kama mnanifuata, mmeona tulikofika. Mkono wangu haukusikia, mguu wangu nimeuvika soli nene mwenyewe, na kinywa changu kimefungwa na sifa. Nilijua. Nilisimama pale nikajiambia nitakuwa makini, kana kwamba umakini unaota kwenye ngozi iliyokufa.

Ilitokea siku ya nne, mchana. Ndalahwa alikuwa anapanda, amekalia kigongo chake, mimi na Masanja tunazungusha. Katikati ya duara mguu wake ukanasa kwenye matimba, zile nguzo za mbao zinazozuia kuta zisiporomoke. Akabonyeza kitufe mara moja: simama. Nikazungusha. Akabonyeza tena. Nikazungusha. Nilisikia mpini umekuwa mzito kidogo, nikamwambia Masanja aongeze nguvu. Nawaambia hivyo ilivyokuwa. Nilimwambia aongeze nguvu.

Mama Kulwa alikuwa anakuja na chakula. Yeye hakuwa na mkanda. Aliiona kamba inatikisika kama mkia wa ng'ombe aliyevamiwa na nzi, akaniangalia usoni akaona sina habari. Aliitupa sinia, ugali na dagaa vikaenda na vumbi, akajilaza kwa tumbo juu ya mpini wangu mpaka ukasimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Umemvunja," kwa sauti ya kawaida kabisa.

Tulimtoa Ndalahwa akiwa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti mahali pawili. Alipotolewa juani akanitafuta kwa macho akasema, "Shemeji, nilibonyeza." Basi, wakampakia kwenye gari jeupe la mradi kumpeleka hospitali. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote gari lile lilifanya.

Kesho yake kikao. Wachimbaji wamekasirika, wanasema mkanda ni mbovu, vijana wa chuo waondoke kabla hawajaondolewa. Rehema akafungua kompyuta, akaonyesha kwamba mkanda ulipokea ishara sita na ulitetemeka mara zote sita. Bosi akasema basi ni uzembe wa mtumiaji. Watu wakanguruma, wakasimama upande wangu wote. Wakasema Baba Kulwa hawezi kukosea, huyu alikuwa anajua ng'ombe anakula nini akiwa amefungwa macho.

Ningeweza kukaa kimya, vijana wangu. Kikao kizima kilikuwa tayari kunibeba. Bosi angefukuzwa, Rehema angelia njia nzima mpaka Mwanza, na mimi ningebaki na jina langu. Mama Kulwa alikuwa amekaa na wanawake upande wa pili, khanga ameibana kifuani, haniangalii. Kutoniangalia kwake ndiko kulikoniinua.

Nikaenda mbele nikageuka, nikampa Rehema mgongo, nikanyoosha mkono nyuma. Nikasema, "Nivalishe. Masanja, shika mkono wangu. Binti, bonyeza unavyotaka, na Masanja ahesabu."

Akabonyeza. Masanja akasema, "Mbili." Akabonyeza. Akasema, "Moja." Kisha akauliza polepole, "Na wewe, Baba Kulwa?"

"Mimi sijasikia kitu. Sijasikia tangu siku ile ya kwanza. Nilikuwa nasoma macho ya huyu mtoto."

Nikasema yote: vidole, sufuria, mguu, mabuti. Nilidhani watanizomea. Hawakunizomea, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Masanja aliuachia mkono wangu taratibu, kisha nikamwona anaminya vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Naye alishika mashine miaka kumi. Nikatazama nyuma yake, nusu ya ukumbi walikuwa wanaminya vidole.

Hospitali nilikwenda peke yangu. Ndalahwa alikuwa amening'inizwa mguu. Nikamwambia kabla sijaketi, maana nilijua nikiketi nitaanza na habari za mvua.

Akauliza, "Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nashushwa na mguu?"

"Ndiyo, shemeji."

Akafikiri. "Mguu ulikuwa unafanya kazi vizuri. Kwa nini uliufunika?"

"Walinipa mabuti ya bure."

Alicheka mpaka nesi akaja kumkataza, na katikati ya kucheka akaanza kulia, nami nikalia. Halafu akanifukuza. Akasema nisirudi mpaka aniite mwenyewe. Alikaa miezi miwili hajaniita, na Mama Kulwa miezi hiyo miwili alinipakulia chakula bila neno.

Rehema ndiye aliyerudi. Peke yake, bila gari jeupe, amepanda bodaboda. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Nataka kuujua huo mti." Akavua viatu. Alikaa na mguu wake mweupe laini kwenye ule mti asubuhi nzima, mimi nimemfunga kitambaa machoni, Masanja anavuta kamba upande wa pili, nami namtukana kwa kiasi, kama nilivyotukanwa. Akikosea alisema, "Hapo sijasikia, mzee." Alilisema bila kujipinda, na mimi niliyemzidi umri mara mbili nikajifunza kutoka kwake neno ambalo Mzee Lubinza alishanipa.

Mwishowe walitengeneza kitu kidogo cha kuvaa chini ya unyayo, ndani ya buti, na ishara za kamba zikarudishwa palepale kama mwanzo, viwili kwa pamoja. Na kabla mtu hajakabidhiwa winchi anapimwa vidole na nyayo akiwa amegeuza mgongo. Mimi nilipimwa wa kwanza nikaanguka wa kwanza, nikastaafu. Bosi aliandika kwamba mradi umegundua mguu. Kuna kalenda yao kubwa, mwezi wa sita ni picha ya unyayo wangu, magaga na yote, jina hakuna. Nasikia unyayo huo ulikwenda hadi mkutanoni ng'ambo. Mimi mwenyewe sijawahi kupita Shinyanga.

Kwa hiyo mkitengeneza vitu vyenu vya kuusikiliza mwili, kwanza mwulizeni mwenye mwili ni sehemu gani imeshakufa. Hatawaambia siku ya kwanza. Mpeni chakula kwa wakati, ondoeni mama mkwe, ondoeni watu mlangoni, rudini bila gari. Huenda siku ya nane akawaambia. Na asubuhi, kabla ya kuangalia saa, shikeni sikio lenu mwone kama vidole vinajua ni sikio.

Ndalahwa aliniita mwezi wa tatu. Mguu ulipona ukiwa mfupi, anatembea na fimbo, duara hashuki tena, analima mpunga. Kila Jumapili baada ya misa anakuja kwangu kula. Mimi nakaa mlangoni peku, siku hizi sivai kitu miguuni. Akifika, kabla ya salamu, ananigonga unyayo kwa ncha ya fimbo mara moja. Nami nasimamisha chochote ninachofanya, hata kama nina tonge mdomoni. Natulia hivyo hivyo, tonge shavuni, namwangalia. Yeye anangoja mpaka aridhike, na siku nyingine anakawia makusudi. Kisha anagonga mara mbili, na hapo ndipo natafuna.